Redio Imwambie Mama Mkwe

Jumapili, 9 Juni

Mguu wa kulia umevimba tena. Mke wangu ameukanda kwa maji ya moto huku akiuliza inakuwaje mwalimu wa udereva aumie mguu wakati anayeendesha ni mwanafunzi. Nimemwambia ni baridi. Si baridi. Ni mama yake.

Nieleze, maana nikisoma haya baadaye nitashangaa hata mimi. Gari la chuo changu lina breki mbili: moja kwenye miguu ya mwanafunzi, moja kwenye miguu yangu. Ya kwangu ni ya dharura. Kwa mama mkwe kila kitu ni dharura. Na mimi siwezi kumwambia simama. Nitamwambiaje mtu aliyemzaa mke wangu asimame, kana kwamba nafukuza mbuzi shambani? Kwa hiyo huwa naanza taratibu. Mama, samahani. Mama, kama hutajali. Naona pale mbele kuna lori, sijui wewe mwenyewe unalionaje. Nikifika kwenye "sijui", lori limeshafika. Mguu wangu unakanyaga. Gari linasimama. Mama mkwe anamshukuru Mungu na tunaendelea na safari.

Ameshaanguka mtihani mara mbili. Kosa ni lile lile: hakanyagi breki. Mara ya kwanza aliupita mstari wa kusimama akaingia kwenye maua ya watahini. Mara ya pili aliupita mstari, akayapita na maua, wakakutana na ukuta. Nasema ni woga. Mtu akikalishwa na mtahini asiyemjua lazima achanganyikiwe.

Ijumaa ni mara ya tatu. Safari hii hakuna utani. Mdogo wake figo zimegoma. Anapelekwa hospitali kusafishwa damu, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, bila kukosa. Gari analo, limefunikwa turubai uani kwao tangu augue. Nguvu za kuliendesha hana. Baba mkwe hajawahi kushika usukani maishani, na mimi saa hizo niko barabarani na wanafunzi. Anayewaendesha ni jirani yao mpiga picha, na jirani huyo anahama Jumamosi. Mama mkwe amesema amechoka kubembeleza watu, mdogo wake atamwendesha yeye. Jumatatu itakayofuata mgonjwa lazima afike, leseni iwepo isiwepo.

Mke wangu anasema dawa ni ndogo tu: mwambie mama wazi. Rahisi kwake. Yeye ni mtoto wake wa kumzaa, akimfokea mama yake atasamehewa kabla chai haijapoa. Mimi nitajadiliwa na ukoo mzima mpaka wajukuu.

Ng'ambo ya barabara yuko Honi. Hilo si jina, ni sifa. Mwanafunzi wangu wa zamani! Ni mimi niliyemtofautishia klachi na breki! Leo ana chuo chake, gari jeupe, na redio yenye skrini pana ya rangi. Anawafokea wanafunzi mpaka wapita njia nao wanasimama. Na wanafunzi wanapanga foleni kwake. Adabu imehama mji huu.

Alasiri gari lake limepita hapa getini. Redio inaimba, mara wimbo ukakatizwa na sauti ya mwanamke wa kwenye ramani: pinda kulia. Mwanafunzi akapinda kulia. Hakuomba radhi, hakuombwa radhi. Nimebaki nimesimama na mguu wangu mbovu, wazo likaniingia.

Redio haina mke. Isiyo na mke haina mama mkwe. Redio inaweza kumwambia mtu yeyote neno lolote.

Jumatatu, 10 Juni

Nimenunua! Redio ya kidijitali, skrini ya kugusa, tundu la flashi, na rimoti ndogo inayopotea kiganjani. Muuzaji amesema kuifunga ni kazi ya kitoto, nyaya zina rangi, kila rangi inajitafutia mwenzake. Nimemwuliza kama ana fundi wa kunipa. Akasema fundi wa nini kwa mwanamume mwenye bisibisi. Nimempenda sana bwana yule.

Mpango wenyewe ni huu. Nitarekodi amri zote, kila amri na namba yake. Moja, simama. Mbili, punguza mwendo. Tatu, kushoto. Nne, kulia. Flashi inakaa kwenye redio, rimoti inakaa mfukoni. Mimi natazama nje ya dirisha kama abiria mwenye malezi. Nabonyeza. Redio inaamrisha, mama anatii, na heshima yetu haijaguswa hata kwa ukucha.

Na siku ya mtihani? Nimefikiria pia. Uwanja wa mtihani ni mdogo, na barabara yake inapita ubavuni mwa uzio. Mtihani unafanywa kwa gari letu wenyewe. Nitasimama kwenye uzio na rimoti yangu. Mwalimu kumwangalia mwanafunzi wake hakujakatazwa popote.

Asubuhi nilikuwa na mama mkwe. Amevaa viatu vyake vya kanisani, eti ndivyo vyenye bahati. Alikuwa anasimulia habari za mdogo wake, jinsi anavyorudi kutoka hospitali hana hamu hata ya maji, na huku tunaelekea kwenye mzunguko wa barabara bila kupungua. Nikasema, mama, pole sana, na pale mbele panahitaji uangalifu kidogo. Akasema kweli baba, maisha yote yanahitaji uangalifu. Mguu wangu ulifanya kazi yake.

Mke wangu ameona boksi la redio. Ameuliza kama nitalipeleka kwa fundi umeme wa magari pale kona. Nikamjibu kwamba sitaki mtu aliguseguse gari langu. Akauliza lini nimewahi kufunga redio. Kuna maswali mtu mzima hayajibu.

Jumanne, 11 Juni

Siku ndefu. Mgongo, shingo, vidole, vyote vinadai mapumziko.

Dashibodi imetoka vizuri. Yaani imetoka. Vile vikucha vya plastiki vinavyoishika vimebaki mkononi mwangu, vinne au vitano hivi. Redio ya zamani nimeing'oa, nyuma yake nikakuta kichaka cha nyaya. Muuzaji alisema kila rangi itamtafuta mwenzake. Rangi za redio mpya ni za kupendeza. Rangi za gari langu zote ni kahawia, kwa vumbi na uzee.

Karatasi ya maelezo imeandikwa kwa lugha ya vidoto, herufi za kigeni nisizozijua. Picha zipo. Kwenye picha mwanamume anatabasamu huku akiunganisha waya mwekundu na mwekundu. Nimemchukia.

Mama mkwe alifika kwa somo lake. Akakuta kiti cha dereva kiko nje kwenye majani na mimi nimelala chali miguu nje. Nikamwamkia kutokea chini ya usukani. Nikamwambia, mama, samahani sana, leo gari linafanyiwa maboresho kwa ajili yako. Akatazama zile nyaya kwa muda. Akasema basi afadhali akamwone mdogo wake. Akavuka barabara. Kituo cha kwenda kwa mdogo wake hakiko upande ule, lakini sikutaka kumsahihisha mtu mzima.

Baadaye Honi akaja kuegemea uzio. Hakukosa! Amesema waya wa njano ni wa umeme wa wakati wote, ndio unaoshika kumbukumbu, na mwekundu ni wa ufunguo, nisije nikazigeuza. Sauti yenyewe imefika mpaka dukani. Nilimshukuru nikamwambia nilishajua. Alipoondoka nikazigeuza. Siwezi kufunga redio kwa maelekezo ya mtu niliyemfundisha mimi.

Jaribio la kwanza: fyuzi imekatika. La pili: fyuzi ya pili imekatika. Duka limefungwa. Nimezungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kama walivyofanya wazee wetu. Skrini ikawaka! Ikanikaribisha kwa lugha ya vidoto! Nilipiga makofi peke yangu ndani ya gari.

Honi ya gari haitoi sauti tena. Indiketa ya kushoto ikiwashwa, skrini inafifia. Mambo madogo. Redio imekaa kwenye nafasi yake kwa skrubu moja na kipande cha kadibodi, na skrubu saba zimebaki. Nadhani hawa watengenezaji huwa wanazidisha.

Jumatano, 12 Juni

Betri imekufa. Wanafunzi wa asubuhi wamesukuma gari mpaka mwisho wa mtaa. Mmoja ameuliza kama kusukuma kumo kwenye mtihani. Nikasema ni sehemu ya kulifahamu gari.

Gari likawaka, redio nayo, lakini imesahau kila kitu. Saa imerudi usiku wa manane. Lugha imerudi vidoto. Nimezima, nimewasha. Imesahau tena. Kila ukizima ufunguo inazaliwa upya. Sitamwuliza Honi.

Mama mkwe alipita mapema akauliza kama gari limepona. Nilimwonyesha betri iko kwenye chaja. Hakusikitika hata kidogo! Akasema haidhuru, atakwenda kwa mdogo wake. Leo tena akavuka barabara. Alikuwa na haraka ya mtu mwenye miadi.

Nimetumia alasiri kurekodi. Tatizo ni sauti. Mama mkwe akiitambua sauti yangu, itakuwa ni mimi ninayemwamrisha, na tumerudi pale pale. Kwa hiyo nimebana pua. Na kwa kuwa nyumba ina kelele, nimeingia kabatini, katikati ya makoti. Nimesema simama. Nimesema simama kwa mkazo. Nimesema simama kama mtu wa serikali. Mke wangu akafungua mlango wa kabati. Ameuliza nafanya nini humo. Nikamweleza mpango wote, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ile ile ya pua maana nilisahau kuiachia.

Alikaa kitandani. Hakucheka, na hilo ndilo lililonisumbua. Akasema mama yake alilia baada ya mtihani wa pili. Alilia kwa mdogo wake, si kwetu. Akasema mama anaamini kichwa chake kimezeeka. Kisha akaniambia tena, kwa upole kama anayemweleza mgonjwa, kwamba neno lenyewe ni moja tu na halina tusi ndani yake.

Nimeumia kusikia habari ya kulia. Kweli nimeumia. Ndiyo maana nimerudi kabatini na kurekodi upya kila kitu, kwa uwazi zaidi.

Alhamisi, 13 Juni

Leo ndiyo leo. Mama mkwe kwenye usukani, mimi pembeni, rimoti mfukoni, macho dirishani. Nimeweka na nyimbo za zamani anazozipenda ili amri zije katikati kama bahati mbaya.

Mwanzo mzuri. Wimbo unaimba, mama anatikisa kichwa. Kwa mbali, makutano. Nikabonyeza moja. Ilitakiwa kusema simama. Ikatoka sauti ya mke wangu, kubwa, gari zima: Unafanya nini humo kabatini?

Kumbe redio inapanga faili jinsi inavyotaka yenyewe! Na kumbe nilikuwa narekodi wakati mlango unafunguliwa!

Mama mkwe akageuka kunitazama. Nikatazama nje. Akauliza kama yule si binti yake. Nikasema, mama, siku hizi redio zina watangazaji wengi. Akauliza kabati gani. Nikasema huenda ni mchezo wa kuigiza.

Lakini jambo hili liandikwe: wakati tunazungumza hayo, gari lilikuwa limesimama. Kwenye mstari! Mguu wangu ulikuwa hewani, haujakanyaga kitu. Alisimamisha yeye!

Tukaenda. Nikabonyeza mbili. Ikatoka simama, ya serikali, katikati ya mzunguko wa barabara. Mama akasimama hapo hapo. Lori la nyuma likapiga honi kwa hasira, na sisi hatukuwa na ya kujibu. Mama akasema huyu bwana wa redio ana mafua makali, anywe tangawizi. Nikabonyeza tatu, ikasema simama tena. Nne, simama kwa mkazo. Tano, kimya kirefu na sauti ya makoti.

Baada ya hapo nikaiacha. Sikuwa na nguvu. Na mama mkwe akaendelea kusimama mwenyewe kila panapostahili: kwenye kivuko, kwenye taa, nyuma ya mkokoteni. Alikuwa akisema jambo chini chini kabla ya kukanyaga, kama mtu anayekumbuka sala. Sikusikia vizuri.

Nimefurahi mpaka mguu umesahau maumivu. Saa moja tu ya redio, imefanya yale ambayo mimi sikuyaweza kwa miezi! Jioni nimemwambia mke wangu kwamba teknolojia imemfundisha mama yake. Amenitazama kwa macho yale ya pole.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika polepole.

Mtahini ni mtu mfupi mwenye kalamu mbili mfukoni. Aliingia, akafunga mkanda, mama mkwe naye akafunga. Mimi nikaenda uzioni. Pale uzioni nilimkuta Honi na mwanafunzi wake wakisubiri zamu. Tukasalimiana kwa baridi.

Mama akawasha gari. Redio ikazaliwa upya, ikamkaribisha mtahini kwa lugha ya vidoto na muziki wa kufungulia. Niliona mtahini anaonyesha kwa kidole. Mama akaizima. Mpango wangu ukawa unaondoka na gari mbele ya macho yangu!

Walipokata kona ya uzioni nikabonyeza. Hapa ndipo pa mstari wa kwanza, pa maua yale. Redio ikawaka. Dirisha lilikuwa wazi, nilisikia kila neno. Unafanya nini humo kabatini? Mtahini aliruka mpaka kalamu ikamtoka. Mama akasimama kwenye mstari, akatazama pande zote, akaizima redio, akaondoka.

Mzunguko wa pili. Nikajiambia, sasa najua namba. Nikabonyeza mbili, kwa ajili ya simama. Ikatoka ile ya makoti. Nikabonyeza tena. Simama! Simama! Kushoto! Simama! Zote zikaanza kufuatana, ovyo ovyo, na mimi nabonyeza kuzizima na kila ninapobonyeza naongeza sauti. Honi ameuliza ninafanya nini. Nilimwambia anyamaze, pengine mara ya kwanza maishani mwake mtu kumwambia hivyo.

Hapo mama mkwe akawasha indiketa. Skrini ikafifia. Akaliegesha gari pembeni kwa utulivu kabisa, akavuta breki ya mkono, akatoa gia. Akaishika redio kwa mikono miwili na kuivuta. Ikatoka yote. Skrubu moja, kadibodi, na nyaya zangu zote zenye tepu. Akampa mtahini aishike mapajani. Akatazama kioo, akawasha indiketa ya kuondoka, akaondoka. Mtahini amemaliza mtihani amepakata redio yangu kama mtoto aliyelala.

Amepita. Mtahini amesema mwenyewe kwamba hajaona mtu mwenye breki nzuri namna ile kwa muda mrefu.

Nikamkimbilia kumpongeza. Nikamwambia, mama, umeona, redio imesaidia. Akanishika mkono akanivuta pembeni, mbali na watu. Akasema kuna jambo ameona aibu kuniambia. Jumanne, na juzi Jumatano, hakwenda kwa mdogo wake. Alikwenda kwa Honi.

Nilitaka ardhi ipasuke. Akaendelea. Akasema siku zote alizofundishwa na mimi aliamini gari la chuo linajisimamisha lenyewe. Hakuwahi kuona mguu wangu, kwa heshima hakuwahi kutazama upande wa miguu yangu. Alipokuwa anafika kwenye hatari gari linasimama, naye akajua ndivyo lilivyoundwa. Kwenye mtihani gari halikusimama, akajua kosa ni lake, kichwa chake kimekuwa cha kizee, mdogo wake atakosa wa kumpeleka. Ndipo akalia. Honi alipomfokea mara ya kwanza, breki mama, breki, alitetemeka mwili mzima. Mara ya tatu akaanza kumshukuru. Akasema alikuwa amengoja muda mrefu mtu amwambie tu.

Lile neno analosema chini chini kabla ya kukanyaga ndilo hilo. Breki mama, breki.

Nimemlisha mwanamke yule wasiwasi na nikaita heshima. Nilimwomba radhi. Machozi yalinilenga, sikujali Honi anaona. Akanipiga begani kidogo. Akasema mimi ni mkwe mwema, lakini mdomo Mungu amenipa, niutumie.

Jumamosi, 15 Juni

Nimevuka barabara kumshukuru Honi. Ilinichukua asubuhi nzima kuvuka. Amenikaribisha chai, akasema hakuna neno, kwani yeye nani amemfundisha. Kisha akasema kwa sauti yake, mtaa mzima ukasikia, kwamba kama nataka atanifungia ile redio vizuri. Nimesema nitafikiria. Sitafikiria.

Jirani mpiga picha amehama leo. Lori limejaa mpaka vitanda vinaning'inia. Mama mkwe alimwongoza kutoka getini kwa mikono, njoo, njoo, simama. Mtu mzima, leseni ya siku moja, na ameshaanza kuongoza malori.

Gari langu bado halina redio wala honi. Kuna shimo katikati ya dashibodi na kupitia shimo naona barabara kidogo. Wanafunzi wanasema linaingiza upepo mzuri.

Jumatatu, 17 Juni

Asubuhi walipita hapa. Gari la mdogo mtu, limetolewa turubai, limeoshwa. Mgonjwa ameketi mbele kajifunika shali, mto mgongoni. Mama mkwe alisimama getini kwetu ili nimwone. Alisimama taratibu mno, hata mgonjwa hakuyumba. Mgonjwa akatoa mkono akanipungia. Mkono wenyewe mwembamba, una plasta za sindano. Wakaondoka, wakafika, wakarudi salama. Nilikaa kwenye ngazi muda mrefu baada ya wao kupita. Nimejua sasa nilikuwa nachezea nini.

Alasiri, mgeni. Baba mkwe. Kofia, koti, fimbo. Mwalimu mkuu mstaafu. Hata mimi niliye mkwe, mbele yake sijawahi kukunja nne. Amekaa kwenye kiti changu, amekunywa maji, kisha akatangaza kwamba kama mkewe ameweza, yeye hashindwi. Anaanza Jumatano. Na anataka kwangu, si kwa yule mpiga kelele, maana yeye hajafokewa tangu alipozaliwa na hana nia ya kuanza sasa.

Mke wangu alinitazama kutoka mlango wa jikoni. Nilimwonyesha kwa kichwa asiwe na wasiwasi, somo nimelipata.

Usiku huu nimeyarudia maneno ya mama mkwe moja baada ya jingine. Mdomo Mungu amenipa, niutumie. Amesema kweli tupu. Kosa lote lilikuwa pale: nilibana pua! Nimerekodi kwa pua wakati mdomo upo! Mtu gani angeelewa? Safari hii narekodi kwa mdomo uliofunguka, sauti nzito, na mwanzo wa kila amri naweka "shikamoo baba". Waya wa njano na mwekundu nimeshaamua, nitaziunganisha zote mbili pamoja ili zisigombane.

Kesho nanunua redio kubwa zaidi, yenye spika nne, kwa kuwa baba mkwe hasikii vizuri sikio la upande wangu.